Mwalimu Telesphory Lukas, Mtu wa Hodi (1936–1984)

Marehemu Telesphory Lukas alizaliwa Kalinzi tarehe 12 Machi 1936, mtoto wa tatu wa Mzee Lukas na Mama Yuliana. Alisoma huko huko hadi darasa la nne, kisha akaendelea na shule ya kati mjini Kigoma, akiishi kwa shangazi yake, mama mkali wa adabu. Huko ndiko alikozoea kupiga hodi kila mahali, na baadaye hata jikoni kwa mkewe. Watani wake wa Ujiji walisema iko siku ataomba ruhusa kwa mbuzi wampishe njia.

Tarehe 24 Agosti 1963 alifunga ndoa na Honorata, binti wa Kagunga, wakajenga Bangwe. Alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima. Akina mama wengi wa milimani walijifunza kwake kuandika majina yao, na walimwamini sana.

Juni 1974 alikuja mtafiti kutoka Dar es Salaam, kuuliza watu wanaonaje kuhamia vijiji vya ujamaa. Alimchukua Mwalimu awe mkalimani wake, akampa masharti: kila mtu aombwe ridhaa, aulizwe peke yake, na asemayo yasimfikie mwingine. Mwalimu alikubali yote, ila kumwingiza mgeni wa kiume kwa mjane bila balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa chama wa pale, kulimshinda. Aliona ni utovu wa adabu. Basi akamwita balozi, akamketisha hapo hapo kama mwenyeji, kisha akamwambia mjane mmoja, "Sema tu, mama. Haya yanabaki hapa hapa."

Mama akasema. Hahami, hawezi kuiacha kahawa yake na kaburi la mumewe. Balozi alisikiliza, akaaga vizuri.

Agosti, nyumba ya mama yule ndiyo iliyoezuliwa ya kwanza. Mwalimu alikimbia kwa wakubwa wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini, akaomba aadhibiwe yeye. "Kwani wewe umekosa nini, Mwalimu?" wakamwuliza, wakampa na kiti. Mtafiti alipopata habari alisikitika mno, lakini masikitiko hayaezeki nyumba. Mwalimu hakuwa na la kufanya, na hilo ndilo lililomla.

Hakufanya tena ukalimani. Kila Pasaka alipanda mlima kwenda kumwomba mama yule msamaha. Alikaribishwa, akapewa ugali na maharage, akarudi bila jibu. Sisi ndugu zake tulimwambia yaishe. Hayakuisha.

Novemba 1983 alianza kuvimba miguu. Waganga walijitahidi, haikusaidia. Mama yule alishuka Bangwe, akakaa kando ya kitanda.

"Niambie neno moja tu, mama," marehemu alimsihi.

"Mwalimu, la mwisho nililokuambia lilinivunjia nyumba."

Kisha akamlisha uji. Hakuondoka mpaka marehemu alipokata roho, tarehe 6 Februari 1984.

Ameacha mjane, Honorata. Watoto Oswald, Verediana na Zefania. Na dada yake Stephania. Yupo na mwingine anayemlilia. Tulimwendea jana, akiwa peke yake, tukapiga hodi, tukamwomba ruhusa. Kusimulia ameturuhusu, jina amekataa. Hatumtaji.

Mwenyezi Mungu amjalie pumziko la amani. Mwalimu, safari hii jina limebaki hapa hapa.