Shule Iliyokuwa Majini

Mama Beldina Adero anastaafu tarehe 30 Juni 1998, baada ya kuutumikia mradi wetu wa uvuvi hapa Kisumu kwa miaka kumi na tisa. Aliajiriwa kama mpiga chapa. Haukupita muda, wakubwa wakagundua kwamba wataalamu wakihutubia ufuoni kwa Kiingereza, wavuvi huitikia kwa vichwa, kisha huenda kufanya walivyotaka tangu mwanzo. Mama Beldina akaombwa asimame kando yao atafsiri kwa Dholuo na Kiswahili. Kwenye taipureta hakurudi tena.

Alitafsiri kila kitu. Ofisa mmoja aliyefika na gari lake kutoka Milimani, mtaa wa wakubwa, alimnong'oneza mwenzake kwamba mkutano unachosha. Mama Beldina akautafsiri mnong'ono ule pia, kwa sauti ileile ya hotuba. Watu wakacheka, na ofisa akafupisha maneno yake.

Lakini ukilitaja jina lake hapa ofisini, mawazo ya wote huenda ufuoni Asembo Bay, Agosti 1992. Nilikuwapo, nikiandika kumbukumbu za mkutano, na nakiri kwamba kufika katikati nilikuwa sijui tena ninachoandika.

Tatizo lilikuwa neno moja, "school". Kila mtu hulijua kuwa shule. Kumbe Waingereza huliita hivyohivyo kundi la samaki wanaoogelea pamoja. Dk. Khaemba, mtaalamu wa samaki kutoka Maseno, alikuwa amelitumia kwa maana hiyo ya pili kwa muda mrefu hata akasahau ile ya kwanza. Mama Beldina hakuwahi kuisikia ya pili.

Dk. Khaemba alisimama akasema kwa Kiingereza kwamba kuna "school" kubwa pale karibu na matete. Bado ni changa. Isisumbuliwe. Baada ya wiki chache itahama yenyewe kwenda kwenye maji marefu. Alikuwa akiwaombea watoto wa ngege, samaki wetu wa ziwani, wasikokotwe na nyavu kabla hawajakua.

Sasa, karibu na matete palikuwa na shule ya msingi, changa kweli, ambayo wazazi walikuwa wamemaliza kuijenga mwaka uliotangulia. Mama Beldina aliitazama, akamtazama daktari, akatafsiri kwa Dholuo, lugha ambayo daktari hakuijua: shule hii itahamishwa, itapelekwa upande wa maji.

Kisha akainuka Mama Benta, mwenyekiti wa kamati ya wazazi.

"Bwana daktari, shule hii tumeijenga kwa mikono yetu. Nani amekutuma uihamishe?"

Dk. Khaemba alipotafsiriwa alivua miwani. "Hakuna binadamu anayeweza kuijenga," alijibu. "Ni ya Mungu. Jana nimeiona mwenyewe, wamo maelfu."

"Maelfu?" Mama Benta akashangaa. "Watoto wetu hawafiki hata mia mbili!"

Daktari, akiona mambo yanaharibika, akajaribu neno lingine lenye maana ileile: "shoal". Afadhali angenyamaza. Mama Beldina alilijua neno hilo kutoka kwa nahodha wa boti ya mradi, ambaye kwake lilikuwa fungu la mchanga linalokwamisha boti. Akawageukia watu, jasho likimtoka, akasema kwamba sasa daktari anasema si shule, ni mchanga.

Hapo ndipo palipochafuka. Mmoja akapaza sauti kwamba shule inabomolewa ili mchanga uchotwe. Wanaume wakakimbilia madarasani, wakaanza kutoa madawati na kuyapeleka nyumbani. Vijana wengine wakazifuata nyavu zao, wakiapa kwamba kama mradi unachukua shule, wao watakokota kila kilicho hai kwenye matete yale.

Mama Beldina angeweza kupanda gari akaenda zake, kama dereva alivyokuwa akimsihi. Badala yake alipanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa mchangani, akasema kwa Dholuo maneno ambayo mtafsiri huona aibu kuyasema: "Ndugu zangu, mimi mwenyewe sijaelewa. Ngojeni." Kisha akamgeukia Dk. Khaemba kwa Kiswahili: "Daktari, usiseme tena. Nionyeshe."

Daktari akakunja suruali, akaingia majini. Mama Beldina akamfuata na gauni lake la mikutano, na Mama Benta nyuma yake, bado amekasirika. Waliinama kwenye matete. Maji yalikuwa meusi kwa visamaki vidogo, vikigeuka vyote kwa pamoja.

"Hawa?" akauliza Mama Benta. "Watoto wa ngege? Na kwa nini hukusema samaki?"

Dk. Khaemba alivaa tena miwani yake. "Mama, nilidhani nimesema."

Wenye nyavu walirudi bila kuzitumia. Madawati yalichukua muda zaidi, maana hofu ikishaingia nyumbani haitoki siku hiyohiyo. Mama Beldina aliomba ruhusa akabaki Asembo, akipita boma kwa boma na kuwaambia wazazi kwamba kosa ni la neno na shule haiendi popote. Ofisini kulikuwa na waliotaka aachishwe kazi. Dk. Khaemba alikuja mwenyewe kumtetea.

Tangu hapo Mama Beldina alikataa kutafsiri kabla ya kuketi na mtaalamu na kumuuliza kila neno. Wataalamu walilalamika, wakazoea. Gugu-maji lilipotanda ziwani, mgeni mmoja alijiandaa kutangaza kwamba "plant" imeingia Kisumu. Mama Beldina akamuuliza kabla ya mkutano kama ni mmea au kiwanda. Hebu fikirieni vijana wangapi wangepanga foleni kutafuta kazi.

Sasa anakwenda Ugenya kwa mumewe, Mzee Walter Obiero, aliyelima peke yake miaka yote hii. Nilimuuliza atafanya nini huko. Alicheka. "Maximilla," akaniambia, "miaka yote hii nimesema maneno ya watu. Mengine niliyapenda, mengine yalinichoma kinywani. Sasa nataka kusema yangu."

Asante, Mama, kwa kusimama katikati yetu na watu. Mungu akupe afya, shamba lenye rutuba na jioni ndefu za mazungumzo. Sema chochote unachotaka, na Mzee Walter asikilize.

Maximilla Nabututu
Kwa niaba ya wafanyakazi wote