Njia Isiyopita Lori

Benchi la Darwesh muuza kahawa, pale Isevya, lilikuwa na miguu minne na wazee watatu, na kazi yote ilifanywa na miguu. Miaka hiyo Mwingereza alikuwa angali Boma, na mtu mwenye baiskeli mjini Tabora alihesabiwa kuwa mtu. Wazee hawa walikuwa nazo, wameziegemeza ukutani mahali ambapo mpita njia asingeweza kujifanya hakuziona. Wa kwanza ni Damas, aliyebandikwa jina la Mtaro tangu siku lori la mbao lilipompigia honi kwenye barabara ya Sikonge naye akajibu kwa kuingia mtaroni, yeye na baiskeli yake. Wa pili ni Limbu, aliyejiita Kirangozi kwa kuwa babu yake alitangulia misafara akipiga ngoma. Yeye mwenyewe hakuwahi kumtangulia mtu hata kwenda kisimani. Wa tatu ni Thabit, ambaye hakupitisha siku bila kuitaja Bagamoyo, asikowahi kufika, na kwa hiyo aliitwa Pwani. Mwezi uliopita, kwa kuchoshwa na malori, walichukua mapanga na mafagio wakaenda msituni kuisafisha njia ya zamani ya misafara, ili baiskeli zipate njia yake isiyopita gari. Tangu siku hiyo hawakuwa na mazungumzo mengine.

Alasiri hiyo ya Jumatatu Damas alikuwa akisikiliza kwa sikio moja. Macho yake yalikuwa mwisho wa mtaa. Hilari, kijana wa Sikonge aliyemchumbia binti yake Tekla, alikuwa amelala kwa jamaa zake njiani, na alitakiwa awe amefika kabla ya adhuhuri. Ndoa ilikuwa kesho asubuhi. Keshokutwa ni Jumatano ya Majivu, na padre alikwisha kusema kwamba Kwaresima ikiingia hafungishi ndoa mpaka Pasaka.

— Atafika tu, alisema Limbu. Njia ile nimeifagia mwenyewe. Hata yai lingebingirika mpaka Sikonge bila ufa.

— Umeifagia wewe? Thabit akauliza. Wewe ulikalia jiwe ukitushikia kofia.

— Kirangozi hafagii. Kirangozi anaonyesha.

— Ulionyesha nini?

— Mahali pa kufagia.

Darwesh aliwamiminia kahawa. Alikuwa kijana mpole, na upole wake ulikuwa umemtia hasara ya kusikia habari za njia ile kila siku ya Mungu.

— Lakini mnasema kweli, ni njia nzuri, alisema Damas, akitaka kujituliza. Changarawe nyekundu, tairi ikipita inaimba. Huku miti ya mtundu, huku ya mninga. Husikii honi. Husikii ila njiwa.

— Na fupi, alisema Thabit. Fupi kuliko barabara. Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi.

— Kwa hiyo waongo ni sisi?

— Mimi nimezungumzia urefu tu, Mtaro. Usiingize tabia.

Tekla akapita na ndoo kichwani. Maji yalikuwepo nyumbani, Damas alijua, maana aliyateka mwenyewe asubuhi ili apate jambo la kufanya. Binti hakumwuliza baba yake kitu. Aliamkia wazee, "Shikamoni," wakaitika, "Marahaba," naye akaenda zake polepole akitazama kule kule alikokuwa akitazama Damas.

Afadhali angeuliza. Maana kijana hakuichagua njia ile mwenyewe. Damas ndiye aliyempelekea salamu kwa mdomo wa mtu: mwambieni mwanangu asipite barabarani pamoja na malori, apite njia yetu mpya, aje akawahadithie kwao jinsi watu wa Tabora walivyo. Wakati ule aliona ni maneno ya mkwe mwenye busara. Leo alitamani yangepotea njiani.

— Simba, alisema Limbu ghafla.

— Simba gani?

— Nasema tu. Kama kachelewa, huenda ni simba.

— Simba hali mtu mwenye baiskeli, alisema Thabit. Anaogopa spoki. Mimi nadhani njia ni nzuri mno, basi. Kijana kaanza kukanyaga pedeli, kaona raha, kashindwa kusimama. Saa hizi kaikosa Tabora, kaunga njia ya mashariki, anateremka Bagamoyo. Msitu unakwisha, inaanza minazi, mtu ananusa chumvi, na nyuma yake hakuna lori hata moja.

— Na ndoa? Damas akauliza.

— Usiache mbachao kwa msala upitao.

— Maana yake nini hapo?

Thabit alikunywa kahawa yake taratibu.

— Maana yake ni pana, alisema.

Limbu akaona asipitwe. Akasema njia ile ikifika baharini, hata Bwana Shauri, mkubwa wa Boma, atalazimika kuliacha gari lake na kuja kwenye benchi hili kuomba ruhusa ya kupita na baiskeli, na yeye Limbu atamjibu aje kesho, kama Boma wanavyomjibu yeye. Walikuwa wameanza kubishana nani atakaa katikati ya benchi siku hiyo, lori liliposimama penye kona likamshusha mwanamke mnene mwenye debe la asali, amerukiwa matope mpaka kwenye kilemba. Alikuwa Marcelina, shangazi yake Hilari. Damas alisimama haraka hata akamwaga kikombe.

— Karibu, mkwe. Habari za safari?

— Za lori, baba Tekla. Mgongo wangu umebaki Sikonge, utakuja na lori la kesho. Bwana harusi wangu mmemweka wapi? Nimpe shati lake.

Limbu akainamia kahawa yake. Marcelina akalitua debe chini.

— Kule alikolala nimepita nikauliza. Wamesema ameondoka alfajiri, akapita njia yenu.

— Labda anapumzika, alisema Damas. Njia imenyooka, mkwe. Haiwezi kumpoteza mtu.

— Haina njia panda?

— Ipo moja, alisema Limbu. Ile ya kwenye mninga mkubwa, hapo karibu. Njia mbili zinaachana, moja inapita juu kwenye changarawe, moja inashuka mbugani, halafu zinakutana tena ng'ambo ya mbuga. Kiangazi zote zinapitika.

— Sasa ni masika, baba. Mbuga ile inameza ng'ombe. Hilari ni mgeni wa njia hii, lakini nilimwambia asihofu, kila penye njia panda atazame tawi. Palipolazwa tawi, asipite. Na matawi huwa yapo, wapita njia hawaachi kuyalaza. Au siku hizi hawalazi?

— Wanalaza, alisema Limbu kwa uchungu. Ndio uchafu tuliokuta. Tawi bichi kabisa, limetupwa katikati ya njia. Huku tawi, na kule ng'ambo tawi. Tukatupa porini. Tumerudi wiki ya pili, wameweka mengine. Tukayatupa na hayo. Watu hawana adabu na ba...

Hakumaliza neno baiskeli. Jambo lile Damas alilijua tangu yuko mgongoni mwa mama yake. Kila Mnyamwezi analijua. Ukiwa unatembea, tawi lililolala njiani ni mdomo wa mtu aliyetangulia, linakwambia: huku siko. Lakini siku ile hawakuwa waenda kwa miguu. Walikuwa watu wa baiskeli, na mtu wa baiskeli akiona tawi anaona pancha.

— Msinitazame mimi, alisema Thabit. Mimi mtu wa pwani.

— Sawa, alisema Marcelina. Lilikuwa limelala njia ipi?

— Ya kushoto, alisema Limbu.

— Ya kulia, alisema Thabit.

— Kushoto ukiwa unakwenda au unarudi? Damas akauliza.

— Mimi nilikuwa nimekaa, alisema Limbu.

Marcelina aliwatazama mmoja mmoja, kisha akalitazama benchi, kama anayetafuta ndani yake mtu wa nne mwenye akili.

— Basi inukeni, alisema. Mmeondoa matawi, mkalale nyinyi pale.

Waliinuka, wakachukua baiskeli zao, Marcelina akabaki na debe lake. Darwesh alivikusanya vikombe akavifunika kimoja kimoja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wazee wale wakiwa bado wako macho.

Njia panda ya mninga haikuwa mbali, lakini walifika wakihema kama mvukuto wa mhunzi. Njia mbili zilikuwa zimelala mbele yao, nyekundu, pana, zimefagiwa sawasawa, zimefanana kama mapacha waliovishwa nguo moja. Damas hakuwahi kuichukia kazi nzuri namna ile. Alivunja tawi lenye majani, akalishika kwa mikono miwili, akasimama katikati asijue alilaze wapi.

— Hilari! aliita. Njiwa wakaruka.

— Weka kushoto, alisema Limbu.

— Nikikosea?

— Ukikosea tutalitoa. Si ndiyo kazi yetu.

Damas alifikiri habari ya Tekla na ndoo yake, na Pasaka jinsi ilivyo mbali. Akaita tena, mpaka sauti ikakwaruza. Kisha, upande wa kushoto, kijiti kikavunjika, ikaja sauti ya mtu akipumua na kitu kizito kikiburutwa. Kijana akatokea anasukuma baiskeli, matope mpaka kiunoni, na viatu vyake vya harusi vimening'inia shingoni, vikavu, vinang'aa.

Moyo wa Damas ulirudi mahali pake, na kiburi kikaufuata nyuma nyuma. Haraka alilitupa tawi likavuka njia ya kulia, akajipangusa mikono kama mtu aliyekuwa akijua tangu zamani.

— Shikamoo, baba. Shikamoni, wazee.

— Marahaba, mwanangu. Pole kwa njia.

Hilari aliegemeza baiskeli kwenye mninga. Akalitazama tawi, akamtazama mkwewe, akainama kwa adabu, akaliokota, akaenda kulilaza kwenye njia aliyotoka.

— Huku ndiko kwa kufunga, baba, alisema. Nimetoka huko.

Limbu alikohoa. Thabit alikuwa akikagua tairi yake isiyokuwa na kasoro.

— Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia hawa, alisema Damas, na wenzake, kwa heshima ya harusi, hawakumbishia.