Mama Chekeche na Kopo la Dirishani

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mama aliyefanya kazi idara ya wanyamapori miaka thelathini na mmoja, na hakuwahi kumsogelea simba hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kinyesi. Naam, mmesikia sawasawa, kinyesi. Askari wa hifadhi walimwita Mama Chekeche, kwa lile chekeche aliloshikilia bombani, akiosha vinyesi vya wanyama mpaka zibaki nywele na mifupa.

Sasa humo alitafuta nini? Nilimuuliza binti yake, akanicheka. Mnyama hujilamba, akaniambia, akameza nywele zake mwenyewe. Kwa hiyo kinyesi kina nywele za aliyeliwa, na za mlaji pia. Za mlaji pia, shikeni hilo.

Mwaka wake wa pili kazini, mbuzi wa wafugaji waliliwa. Akaletewa kinyesi. Akaona nywele za mbuzi, hakutafuta zaidi, akaandika: chui. Chui akapigwa risasi. Wiki iliyofuata mbuzi wakaliwa tena. Akaosha upya, safari hii akaziona nywele za mlaji. Mbwa koko.

Ilimuuma sana. Hakuacha kazi, ila tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumharakisha.

Miaka ikapita. Ndama saba wakaliwa, watu wakaja juu, wakamtaja simba jike mwenye watoto watatu. Mkuu wa kituo alitaka jibu kabla ya saa sita mchana. Bunduki zilishapakiwa garini. Mama Chekeche alivua miwani.

"Mkubwa, ukitaka nifukuze leo," akasema. "Lakini karatasi ya majibu utaipata nikimaliza kuosha."

Alimaliza siku ya pili, jioni. Fisi. Yule simba akalea wanawe.

Mama huyu ametutoka wiki iliyopita. Jikoni kwake, dirishani, kulikuwa na kopo ambalo hata wajukuu, waliodekezwa kupita kiasi, hawakuruhusiwa kuligusa. Binti alidhani ni viungo vya bei. Baada ya mazishi akalifungua. Ndani mlikuwa na kishungi cha manyoya ya chui, na karatasi yenye mwandiko wa mama yake: "Huyu nilimsingizia."

Poleni sana binti, wajukuu, na wenzake wa maabara. Nasi tuliobaki tujiulize, wapendwa. Yule tuliyemtaja kwa ubaya juzi, je, tulikuwa tumemaliza kuosha?