Mwalimu Vitendo na Mlango Usiopitwa Hivi Hivi

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wanafunzi wa zamani mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, dada yetu mpendwa, mliyemzoea kama Mwalimu Vitendo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1953 katika chumba cha uani, nyuma ya duka la baba la cherehani, akiwa kifungua mimba wa watoto watatu, kitindamimba akiwa huyu mwenye kitambi anayewasomea, ambaye marehemu alimbeba mgongoni na hakuacha kumkumbusha uzito wake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960, na akiwa darasa la sita aliandika insha ya Kiingereza ambayo kila mtu ndani yake, kuanzia mwizi hadi bibi harusi, alikuwa "anakwenda", mwalimu akairudisha akisema, "Binti, watu wako wote wanakwenda tu, hakuna hata mmoja mwenye miguu," neno lililomwingia, tangu hapo akawa haachi kutazama watu wanavyotembea, na nyumbani hatukupata raha tena, maana hata ukikimbilia chooni unasikia umeshatafutiwa kitenzi.

Alihitimu ualimu mwaka 1974, akafundisha Kiingereza katika sekondari iliyo mkabala na stendi ya mabasi hadi alipostaafu mwaka 2013, na darasani kwake sheria ilikuwa moja, mlangoni hapapitwi hivi hivi, kila anayeingia anyate, ayumbe, achechemee au aringe kama jogoo, waliokaa walitaje tendo hilo kwa Kiingereza, wakishindwa, mwingiaji anarudi nje kuanza upya. Hata mkaguzi, mtu mzima na tai yake, alirudishwa nje, akaingia akirukaruka kwa mguu mmoja, darasa zima likapaza sauti, "Hop!", naye akaondoka akicheka peke yake hadi stendi.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na fundi saa, aliyekuja darasa la jioni kutafuta Kiingereza cha kuongea na wateja, akachagua kunyata, akajikwaa kwenye ndoo ya deki na kuanguka kifudifudi miguuni pa mwalimu, shemeji anashikilia hadi leo kwamba alipanga, sisi tunaoijua miguu yake tunanyamaza. Walijaliwa binti, ambaye ni dereva wa lori, mtoto wa kiume, ambaye ni fundi bomba, na wajukuu wanne wasiojua kuingia sebuleni kama watu.

Tarehe 2 Februari mwaka huu alipata kiharusi kilichomnyang'anya maneno yote, ya Kiingereza na ya kwetu, daktari akatuambia kwa upole kwamba haijulikani kama anatuelewa, na hilo lilituumiza kuliko ugonjwa wenyewe, kwa kuwa tulikaa kando ya kitanda bila kujua kama dada bado yumo. Asubuhi moja mdogo wake huyu akaingia wodini ameinamisha kichwa, akijikokota kama mtu anayekwenda kushindwa kesi, marehemu akamtazama, akainua vidole viwili vya mkono wa kushoto, akavikokota juu ya shuka, kisha akaonyesha mlango. Binti yake akaruka kutoka kitini, "Mjomba, umerudishwa nje!" Mjomba akatoka, akaingia tena akiringa, kitambi mbele, na dada akacheka hadi muuguzi wa zamu akaja mbio. Kumbe yumo, mzima mzima, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyeingia wodi ile kwa kutembea tu.

Tarehe 21 Mei asubuhi mumewe aliingia kwa kunyata, akajikwaa kwenye kandambili, safari hii hata yeye hadai kwamba alipanga, marehemu akamcheka, akamshika mkono, na alasiri, mkono ukiwa bado mkononi, akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokubali kurukaruka kazini, majirani walioleta viti na bega la kulilia, na walimu wenzake waliovumilia kelele za chumba cha pili. Sasa tunainuka kumsindikiza, na ombi letu ni moja, asitembee mtu hivi hivi, shemeji ameshasema atanyata, kwa hiyo walio mbele yake wawe macho.

Pumzika kwa amani, dada, na kwa kuwa tunajua utauliza, "Kupumzika vipi?", basi jinyooshe, jiegemeze, koroma ukipenda, kitenzi chagua mwenyewe.