Tafakari za Alfajiri za Katekista Gregori Mathias

Baba Paroko, wanajumuiya, majirani zetu Waislamu na Wakristo, mnivumilie nikisoma taratibu, mimi ni Grasiana, mtoto wa mwisho wa marehemu, na nimechoka sana.

Katekista Gregori Mathias alizaliwa tarehe 8 Septemba 1951 huko Kwashemshi, baba yake akiwa amekuja kutoka Kigoma kukata mkonge, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba mwaka 1967, akakata mkonge naye, kisha mwaka 1975 akahitimu ukatekista na kupelekwa Kwedizinga, Handeni, alikokaa miaka ishirini na tatu kabla ya kuhamia hapa Kwamndolwa. Tarehe 12 Agosti 1978 alifunga ndoa na mama yetu, Rhoda, wakajaliwa watoto watatu.

Tangu mwaka 2016 aliamka kila siku saa kumi na moja alfajiri, akasoma masomo ya siku, akaandika tafakari kwenye kaunta buku, nami nikaituma kwa simu kwenye kundi la Jumuiya, na wengi wenu hamkunywa chai kabla ya kuisoma.

Tarehe 3 Novemba 2024 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa, sauti ikapotea, lakini tafakari hazikukatika, mkasema Mungu mkubwa, mkono wa katekista umepona, mkaomba misa ya shukrani. Ndugu zangu, haukupona. Nilikuwa naandika mimi na kuweka jina lake, kwa sababu siku ya kwanza niliona aibu kuwaambia, na baada ya ile misa nikaogopa. Nilimgeuza, nikamwogesha, nikafua mashuka, halafu nikakaa kuwaandikia habari za matumaini ambayo mwenyewe sikuwa nayo.

Tarehe 14 Februari mwaka huu, mama alikuwa amefuta vumbi ukutani akatundika kalenda ya mwaka jana juu ya mpya, nami kwa usingizi nikasoma Jumatano ya Majivu, kumbe ni Ijumaa ya kawaida tu, nikawatangazia mfungo. Jamani, mkafunga! Mzee Fransisko akapeleka kanisani matawi yake makavu ya Jumapili ya Matawi yachomwe majivu, akakuta mlango umefungwa, na jirani yetu bibi Tatu alipoleta uji, mama akaukataa, bibi akauliza mbona mmetuwahi, Ramadhani yetu bado wiki mbili. Hapo baba akacheka, mara ya kwanza tangu augue, akanyoosha mkono wa kushoto kwenye kalenda, akanitazama. Alijua siku zote kwamba mwandishi ni mimi. Tangu hapo nilimsomea kila tafakari kabla ya kuituma, akikataa kwa kichwa nilifuta.

Jumatatu tarehe 7 Julai somo lilikuwa la Yakobo aliyelala njiani, jiwe likiwa mto wake, nikaandika kwamba Mungu hakumhimiza aendelee na safari, alimwacha kwanza alale. Baba akakubali kwa kichwa, nikatoka uani kutafuta mtandao, niliporudi alikuwa ametutoka, ilikuwa saa moja asubuhi, na nyie bado mnaandika Amina.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, makatekista wenzake, majirani, na bibi Tatu kwa uji wa miezi minane. Naomba mnisamehe. Kesho msisubiri tafakari, nitalala. Keshokutwa nitaandika, na chini yake nitaweka jina langu.

Baba, umefika. Laza kichwa, upumzike.