Maji ya Depo na Jina la Baba Yenu

Sogeeni, wanangu, mnisikilize, na wewe Revocatus usisimame mlangoni kama mgeni, ingia ukae pale nikuone, maana mengi ya leo ni yako. Padri ameshaniombea na sauti yangu inakatika, kwa hiyo msinidakie maneno.

Majaruba ya mpunga ya kule mbugani, aliyoyafungua baba yenu Kasimiri kwa jembe la mkono, nampa Advera. Nyumba hii ni yako, Bernardo, na dada yako asifukuzwe humu, awe ameolewa au hajaolewa. Majaruba yasiuzwe kwa watu wa depo ya mafuta hata waje na maneno matamu kiasi gani. Wanayataka ili maji yao machafu yapate pa kumwagikia bila mtu wa kulalamika.

Depo ilipojengwa pale juu, kando ya reli, tulifurahi. Revocatus akawa msimamizi wa yadi, na baba yenu akawa anatembea sokoni Kaliua kifua mbele. Wewe mwenyewe, mwanangu, ndiye uliyetueleza kwamba matenki yamezungushiwa ukuta ili mafuta yakivuja yasitoke nje, na kwamba maji ya mvua yakijaa ndani ya ukuta ule hufunguliwa koki taratibu, yapite kwanza kwenye shimo la kutenganisha mafuta na maji. Lakini shimo lile lilijaa tope, hakuna aliyelizoa, na masika ile mvua ilipokazana ulirudi umelowa chapachapa, ukasema mbele yetu sote wawili, "Yadi ilikuwa inafurika, bosi akasema fungua, nikafungua." Baba yako akakuuliza, "Yamepita shimoni?" Ukavuta sahani, ukala ugali wako.

Kulipokucha majaruba yaling'aa rangi rangi kama mgongo wa inzi. Mpunga ukanyauka, kisima kikanuka dizeli, na ng'ombe wa jirani yetu Mayala wakanywa yale maji wakafa, hata ndama. Mayala hakupiga kelele. Alikwenda kwa mwenyekiti, mkutano wa kijiji ukaitwa. Hapo ndipo uliposimama na shati lako la kazini ukasema, "Mafuta yale ni ya pampu ya kumwagilia ya mzee wangu. Anamwaga oili bondeni, nimemwona kwa macho yangu."

Nikainuka niseme. Baba yenu akanivuta kanga. "Kaa, Levina. Watamfunga." Kisha akawageukia watu, "Mwanangu ameshasema. Nitalipa." Akawaswaga mwenyewe maksai wake wa kulimia mpaka kwa Mayala, wale aliokuwa akiwaita kwa majina, akarudi na fimbo tu mkononi. Tangu siku ile wakamwita mzee wa sumu. Sokoni hakwenda tena, kanisani akawa anakaa benchi la nyuma, na kabla ya mvua nyingine tukamzika, na wewe ukaleta jeneza zuri lililonunuliwa na depo. Nililitazama jeneza lile nikatamani kulitemea mate.

Unalia? Usilie hapa, hapa kila mtu anajua. Kalie mkutanoni.

Advera, mvua hazijaanza; kusanya wenzako wa mbugani mwende kwa watu wa mazingira wilayani, mdai shimo lizolewe na koki isifunguliwe kabla maji hayajakaguliwa, na wakiwaambia mrudi kesho, rudini kesho. Maji ya kisima kile asipewe mtoto hata ya kuoshea miguu. Bernardo, nizike kando ya baba yako, katika mbao za kawaida. Kitu cha depo kisiingie kaburini mwangu.

Niinueni kichwa kidogo... hivyo hivyo. Advera, Mungu akupe mavuno na mikono ya kuyavuna. Bernardo, nyumba yako isikose mgeni. Revocatus... wewe ni tumbo langu la kwanza, utanibeba pamoja na wenzako, hilo sikunyimi. Ila baraka yako nimemwachia Mayala. Alikuja kuniona, nikamweleza yote, nikamwambia siku mwanangu atakaposimama mbele ya kijiji akalisafisha jina la baba yake, wewe Mayala umshike kichwa, umwambie mama yako alikubariki. Akakubali. Mimi ningengoja nikuwekee mkono mwenyewe, lakini... pumzi hainitoshi. Nenda kwake, mwanangu. Nenda...