Gari Lililoitwa Letu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tena tukae pamoja na waliotutoka. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyekuwa fundi wa kushona mapazia. Mtaani kwake walimwita Mama Mapazia, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Amefariki, na wiki iliyopita alizikwa. Ameacha mume, seremala mstaafu, na binti mmoja.

Hapa mezani nina salamu nyingi za rambirambi kutoka kwa majirani zake. Zote zinasema alikuwa mtu wa watu. Nimezisoma, na nawaambia kweli, zimenikera. Nivumilieni, mtaelewa.

Mama huyu huwezi kumsimulia ukaliacha gari. Mumewe alikuwa na stesheni wagoni, gari refu la kubebea mbao za kazi yake. Ukikunja viti vya nyuma, mtu mzima analala humo na kunyoosha miguu. Mtaa mzima ukalijua hilo. Mjamzito akishikwa na uchungu, anapelekwa nalo. Viti vya sherehe vinafuatwa nalo. Jeneza pia. Ikafika mahali watu hawabishi hodi wala hawasalimii. Wanasimama tu getini na kuuliza, "Letu lipo?" Jina likashika, gari likaitwa Letu.

Mama Mapazia alikuwa na ulimi. Alikuwa akisema, "Likiwa na mafuta wanasema letu, likikauka wanasema lenu." Watu wanacheka, wanachukua funguo, wanaondoka.

Na gari lile lilikula mafuta, jamani. Mumewe ananiambia, "Mwanangu, ukilipitisha karibu na kituo cha mafuta, linapunguza mwendo lenyewe." Zamani haikuwa neno, kwa sababu mbao zililipa mafuta. Baadaye mgongo ukamshinda, akaweka randa chini. Gari likabaki bila kazi yake. Likabaki na kazi za watu.

Kisha Mama Mapazia akaugua figo. Nisikilizeni vizuri hapa. Aliugua figo, akatakiwa kwenda hospitali kusafishwa damu mara mbili kila wiki. Mara mbili, bila kukosa. Hospitali yenyewe ilikuwa upande wa pili wa mji. Walijaribu mabasi. Kwenda aliweza, kurudi alikuwa hoi, anatapika, miguu haimbebi. Kwa hiyo ni gari, na gari lenyewe ni lile linalobugia mafuta.

Yeye ndiye aliyesema wabadilishe. Watoe lile kubwa, waongeze kidogo, wachukue dogo lisilokula mafuta. Binti yao anakumbuka siku waliyokwenda yadi ya magari. "Mama aliingia kwenye kagari keupe, akakaa, akatoa futi yake ya mapazia mkobani, akaanza kupima viti. Yule muuza magari akamuuliza, mama, unapima nini na bado hujanunua? Mama akamwambia, napima maisha yangu, endelea na hesabu zako."

Wakalijaribu mpaka hospitali na kurudi. Mshale wa mafuta haukushtuka. Binti anasema mama yake alirudi anaimba, na alikuwa na miezi hajaimba. Wakakubaliana na muuza magari: siku ya Jumatatu walete lile kubwa, wachukue dogo.

Jumapili, wasikilizaji wapendwa, ikaja kamati. Ndiyo, kamati. Mwenyekiti wa mtaa, mwalimu wa kwaya, na muuza nyama wa pale kona. Wameketi sebuleni, chini ya mapazia aliyoshona mgonjwa mwenyewe, wanajadili gari lake.

Mwenyekiti akaanza kwa upole. "Tumesikia Letu linauzwa. Sasa tukipata mgonjwa tutamlaza wapi? Kwenye kile kigari miguu itatokea dirishani."

Mama Mapazia akamuuliza, "Na mimi ni nani hapa? Mimi si mgonjwa?"

Muuza nyama ndiye aliyejibu. Nanukuu kama nilivyoambiwa. "Mama, wewe bado unaketi. Sisi tunazungumzia wagonjwa wa kulala."

Nimelirudia neno hilo kichwani wiki nzima. Wewe bado unaketi. Alikuwa na kosa gani mama huyu, kwamba aliugua akiwa wima?

Wakatoa ahadi. Kuanzia siku hiyo kila atakayeazima atarudisha gari na mafuta. Mwalimu wa kwaya akasema ahadi ni deni, na yeye ni mtu wa dini. Mama Mapazia akamgeukia mumewe. Alikuwa anamsubiri yeye aseme.

Mume akasema, "Basi, tuliache kwanza."

Nilimuuliza mzee kwa nini. Hakujitetea. "Niliona aibu," aliniambia. "Watu wameketi kwangu, wamekunywa chai yangu, nitawaambiaje hapana? Niliogopa kuitwa bahili." Nikamuuliza, na mama alisemaje? "Alikusanya vikombe. Kisha akaniambia, umewahurumia wote waliokuwa chumbani, isipokuwa mmoja."

Mafuta ya ahadi yalionekana? Mnauliza jibu mnalolijua. Mara ya kwanza yaliwekwa kidogo, mshale ukanyanyuka na kulala tena. Mara ya pili mtu alisema kituo kilikuwa na foleni. Baada ya hapo hata visingizio viliisha. Gari linarudi, funguo zinaning'inizwa mlangoni, mtu anapotea kimya kimya. Na Mama Mapazia anashona mapazia ya watu, miguu imevimba juu ya kigoda, ili Letu lipate kunywa.

Sasa niwaambie wiki ya mwisho. Siku ya kwanza ya matibabu aliikosa, kwa sababu gari lilikuwa harusini na wenye harusi hawakupokea simu. Siku ya pili walijiandaa mapema. Mumewe alimshika mkono, akamkalisha kiti cha mbele. Jana yake mwalimu wa kwaya alikuwa amelichukua kusafirisha spika na vinanda, akalirudisha jioni, akasema Mungu awabariki.

Walifika kwenye mzunguko wa barabara, gari likakohoa, likazima. Tangi kavu. Mzee akachukua dumu, akatembea na mgongo wake ule kutafuta mafuta. Mkewe akabaki ndani ya gari, juani, magari mengine yakimpigia honi asogee. Walipofika hospitali, kwenye mashine alikuwa amewekwa mtu mwingine. Wakaambiwa warudi kesho asubuhi.

Kesho asubuhi Mama Mapazia hakuamka.

Binti yake hakulia aliponisimulia. Alisema tu, "Mtaa mzima ulijua siku za mama. Mbili tu kwa wiki. Waliweza kutuachia hizo mbili."

Na siku ya mazishi, wasikilizaji wapendwa, wale wale walichangishana. Mwenyekiti alipita na kofia. Wakalijaza Letu mafuta mpaka yakamwagika chini, ili limbebe mwenzao kwa heshima. Mzee anasema hajawahi kuuona mshale ule umefika juu tangu alipoacha useremala. Mkewe alilazwa nyuma, miguu imenyooka. Sasa alikuwa amefuzu kuwa mgonjwa wa kulala.

Ndiyo, nina hasira. Sioni haya kuisema hewani. Kuna watu wanaokufa kwa ubaya wa wengine, na hao tunawajua na tunawalaani. Mama huyu ameuawa na watu wema, wenye kwaya na kamati, ambao bado wanamsifu. Wewe unayenisikiliza, kitu cha jirani ulichozoea kukiita chetu, leo mrudishie. Na wewe unayeona aibu kusema hapana, mtazame aliye nyumbani kwako kabla hujawajibu wa nje.

Kwa binti wa marehemu, pole sana, dada yangu. Kwa mzee wetu seremala, pole, na Mungu akupe nguvu za kuubeba mzigo huu. Mama Mapazia apumzike kwa amani. Zile salamu za majirani sitazisoma.

Mzee ameniomba niwatangazie majirani jambo moja. Kutoka makaburini alikwenda moja kwa moja yadi, akalitoa Letu, akachukua lile dogo jeupe. Msije tena getini.

Nilimuuliza, "Mzee, na hili dogo linakula mafuta kiasi gani?"

Akaniambia, "Sijui, mwanangu. Sijapata pa kwenda nalo."